Aliyepanua Tundu la Sindano

Arvilla Tollefson hakuwa mtu wa kuamini sifa. Ukimwambia keki yake tamu, atakuuliza unataka nini. Miaka aliyoendesha basi la shule kwenye vilima vya magharibi mwa Wisconsin ilimfundisha kwamba mtoto anayekaa kimya kiti cha nyuma ndiye anayekichana kiti, na kwamba mtu mzima ni mtoto yuleyule, ila amepewa leseni. Kwa hiyo magari ya Iowa na Illinois yalipoanza kujazana nyuma ya kanisa la Kilutheri la Sather Hollow, watu wakishuka na mikoba yao ya visahani vya plastiki vya kurusha, wenzake walipiga makofi. Yeye alikunja uso.

"Wamefuata nini huku?" aliuliza. "Kwao miti imekwisha?"

Walikuwa wamefuata kikapu cha kumi na moja. Vikapu ni kumi na nane, vya chuma, vyenye minyororo ya kunasa kisahani, vimetawanywa msituni, na mchezo wenyewe ni kukifikia kila kimoja kwa mirusho michache kuliko mwenzako. Viwanja vya namna hiyo vipo kila mji siku hizi. Vingine vina njia pana zilizokatwa nyasi, vyoo safi, na mabomba ya maji ya kunywa. Sather Hollow ina matope, mbu, na benchi moja lililopungua ubao. Lakini pale kumi na moja imesimama mialoni miwili mizee, bega kwa bega, matawi yake yameshikana, na katikati imeacha uwazi usiozidi mlango wa zizi. Nyuma yake kikapu kimekaa ukingoni mwa mteremko, na ukikosa, kisahani chako kinabingirika mpaka kwenye kijito. Watu walipaita Tundu la Sindano. Mtu aliendesha gari nusu siku kuja kudhalilishwa na miti miwili, akarudi kwake amejaa furaha, na Jumamosi iliyofuata akaja na shemeji yake. Ndivyo tulivyo. Njia nyeupe tunaipita tukipiga miayo, tundu lisilopitika tunaliota.

Arvilla ndiye aliyelikomboa tundu hilo. Mumewe Lyle alipofariki, rafiki yao Orrin Kjos, mkulima wa matofaa mwenye mdomo kama panga, alimtoa nyumbani kwa nguvu, akamtia kisahani mkononi, na wakaishia kuuchonga uwanja mzima wao wawili pamoja na watu wachache wa kanisani. Walipofika penye mialoni, Orrin alitaka kupunguza matawi. Arvilla aliukumbatia mti.

"Ukikata hilo, nani atakuja?"

"Nani atakuja kugonga mti siku nzima, we mwanamke?"

Wakaja. Tangu siku hiyo Arvilla akawa mlinzi wa uwanja: yeye ndiye mwenye ufunguo wa banda la zana, yeye ndiye anayesema tawi gani likatwe na lipi liachwe, na hakuna aliyethubutu kung'oa hata kichipukizi bila ruhusa yake. Orrin yeye alibaki kuwa mwalimu wa msumeno. Kila siku ya kazi aliwakusanya watu na kuwaonyesha: kata kidogo kwa chini kwanza, halafu ndiyo ukate kwa juu, ili gome lisichanike. Na kila Jumanne jioni walicheza wote, kisha wakala soseji na jibini chini ya banda, wakitukanana kwa upendo.

Januari ile Arvilla aliteleza kwenye barafu akienda kuchukua barua, akavunjika bega. Bega lenyewe ni la kushoto, na mkono wake wa kurushia ni wa kushoto. Watu wengine wote wa Jumanne hurusha kwa kulia. Aprili aliporudi uwanjani, kila alichokuwa nacho kilikuwapo isipokuwa nguvu. Pale kumi na moja kisahani chake kilitoka vizuri, kikaelea, halafu ko! kwenye tawi la mwaloni wa kushoto. Jumanne iliyofuata, ko! tena. Watu wakawa wanatazama viatu vyao.

"Dereva!" Orrin alipiga kelele. "Abiria wako wote wamekufa!"

Mara ya kwanza alimjibu. Mara ya pili alimjibu kwa shida. Kufikia mwisho wa Aprili alikuwa anaokota kisahani chake bila neno, anamaliza mchezo, na anaondoka kabla soseji hazijaiva. Binti yake, Kirsten, alimpigia simu kutoka Minneapolis na kumwambia, kwa sauti ile laini ambayo watoto huitumia kwa wazazi, kwamba labda sasa wakati umefika wa kuwaachia wengine ule uwanja, atafute kitu cha kufanya akiwa amekaa. Arvilla alikata simu akalia, maana alijua akishindwa kupita pale, yale mengine yote yatafuata: ufunguo, msitu, Jumanne zenyewe.

Halafu, katikati ya Mei, kisahani kikapita.

Kilipita kama zamani, kikainama kulia taratibu baada ya miti, kikatua hatua chache kutoka kwenye kikapu. Jumanne iliyofuata kikapita tena. Arvilla alimpigia Kirsten yeye mwenyewe. "Bega limepona," alisema, "kamwambie na mumeo." Alimwambia na daktari, ambaye alitabasamu na kusema mazoezi ya kuvuta utepe wa mpira yamezaa matunda. Akaoka keki ya limau akaipeleka bandani, na mtu aliposema ni tamu hakumuuliza anataka nini. Kwa wiki chache Arvilla Tollefson hakumshuku mtu yeyote duniani.

Dhoruba ya Juni ndiyo iliyoharibu mambo. Alipanda kumi na moja na reki kuondoa vijiti vilivyoanguka, akapita nyuma ya mwaloni wa kushoto, na pale, mahali ambapo mtu anayerusha hawezi kupaona, akakuta kidonda. Kilikuwa duara la upana wa kifuniko cha chupa ya jamu, limepakwa tope. Akalifuta kwa kidole gumba. Mti wa ndani mweupe, msumeno mkali, gome halikuchanika hata kidogo. Akatafuta, akapata kingine juu yake, na kingine, na vyote vimepakwa tope vilevile. Mtu alikuwa anapanua Tundu la Sindano, tawi moja moja, polepole, kama anayemega mkate wa mwenzake gizani.

Hasira zilimpanda mpaka masikioni. Kukata kulimuuma, lakini lile tope lilimuuma zaidi. Anayeficha anajua anachofanya.

Wa kwanza kumshuku alikuwa bwana mwenye uwanja wa kulipia katika mji jirani, uwanja mpana, safi, wenye maua, na usio na wateja. Nani angefaidika tundu likifa kama si yeye? Arvilla aliendesha gari mpaka kwake akakaa katika maegesho, amevaa miwani ya jua, mvua ikinyesha. Yule bwana akatoka na mwavuli na kikombe cha kahawa.

"Karibu ndani, mama, utapata baridi."

"Sihitaji kahawa yako," Arvilla alisema, na akaondoka akiwa na uhakika zaidi, kwa sababu hakuna mtu mwema kiasi hicho bila sababu.

Kisha akawageukia wageni. Jumamosi alizunguka kati ya magari ya Illinois akichungulia vioo kutafuta msumeno. Aliona viti vya watoto, mifuko ya chipsi, na mbwa mmoja aliyembwekea mpaka mwenye gari akatokea. Kisha ikawa zamu ya Tanner Pribyl, fundi bomba wa hapohapo Sather Hollow, kijana mwenye mabega kama milango, aliyekuwa hachoki kusema kwamba Tundu la Sindano ni bahati nasibu na si mchezo. Arvilla alianza kukagua viatu vya Tanner kila Jumanne, akitafuta unga wa mbao.

"Mama Tollefson, viatu vyangu vina nini?"

"Wewe unadhani vina nini?"

Kila jioni alipita kwa Orrin, akaketi kibarazani kwake penye harufu ya matofaa, na kumpa taarifa. Orrin alisikiliza akimenya karanga.

"Labda ni upepo," Orrin alisema siku moja.

"Upepo unatumia msumeno? Upepo unapaka tope?"

"Nasema tu."

"Ni mtu aliyekuja kwenye siku zetu za kazi, Orrin. Amekata kwa chini kwanza. Umefundisha mwizi."

"Nimefundisha wengi," Orrin alisema, akaingia ndani kuongeza karanga, ingawa bakuli lilikuwa bado limejaa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini Arvilla alikuwa anapekua nguo za watu.

Jumanne ya mwisho ya Juni akaamua kulitoa hadharani. Mchezo ulikwisha, soseji zikawekwa mezani, naye akasimama na kusema yote: vidonda, tope, msumeno. Alisema mtu aliyefanya hivyo yumo miongoni mwao, na kwamba likiendelea hivi, pale kumi na moja patakuwa mlango wa kanisa, kila mtu anapita na hakuna anayekumbuka kwamba amepita. Wakati wote alikuwa akimtazama Tanner.

"Basi niseme mimi," Tanner alisema, akaweka soseji yake chini. "Maana naona nimeshahukumiwa. Ulipozidi kukagua viatu vyangu, juzi nilikwenda kukagua miti mwenyewe. Matawi yaliyokatwa yote ni ya upande wa kushoto. Yote. Upande wa kulia halijaguswa hata jani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kisahani cha sisi wa mkono wa kulia kinaingilia kulia, halafu kikichoka kinainamia kushoto. Matawi yale hayajawahi kutusumbua. Anayeingilia kushoto ni mtu anayerusha kwa mkono wa kushoto."

"Au wa kulia anayerusha kwa ubavu, kikainama kinyume, kama wewe!"

Watu wakacheka, na Tanner mwenyewe akacheka kidogo. "Mama, mimi sijawahi kupita kwenye lile tundu tangu nizaliwe. Mimi narusha juu ya miti. Kila mtu hapa anajua, na kila mtu ananitukana kwa hilo."

Ilikuwa kweli. Kicheko kikafa polepole, na macho yakaanza kumgeukia Arvilla, moja baada ya jingine, yakimwonea haya. Mtu mmoja tu wa mkono wa kushoto alikuwa akicheza Jumanne. Mtu huyohuyo alikuwa na ufunguo wa banda la zana. Na mtu huyohuyo, tangu katikati ya Mei, alikuwa anapita.

Arvilla hakuanza hata kujitetea. Kitu kingine kilikuwa kimemfika, kizito kuliko aibu. Mei. Alikuwa amejisifu kwa daktari. Alikuwa ameoka keki.

Akamtafuta Orrin kwa macho, kama mtu anavyotafuta ukuta wa kushika. Hii ilikuwa nafasi ambayo Orrin Kjos alikuwa ameingojea maisha yake yote: Arvilla Tollefson, mkali wa miti, anashukiwa kwa wizi wa matawi mbele ya kadamnasi. Mtu huyu alimtania siku ya mazishi ya Lyle na kumfanya acheke. Alimtania hospitalini, bega likiwa bado kwenye bandeji. Sasa alikuwa ameinamisha kichwa, anapasua mkate vipande vidogo vidogo, na hakuna kipande alichokula.

Hapo Arvilla akajua. Akachukua mkoba wake akaondoka, na kwa nyuma akamsikia mtu akisema, "Nilidhani angekana angalau."

Asubuhi alimpigia Orrin simu. "Njoo kumi na moja. Na uje na msumeno wako."

"Msumeno upi?"

"Usinichezee, Orrin."

Alimkuta ameshafika, amekaa kwenye bamba la saruji la kurushia, msumeno umelala magotini. Alionekana mzee. Umande ulikuwa haujakauka na tundu lilikuwa mbele yao, na sasa kwa kuwa alijua, Arvilla aliona mara moja jinsi lilivyoachama. Alijishangaa. Alilijua tundu lile kuliko uso wake, na kwa wiki sita alikuwa amelitazama bila kuliona, kwa sababu lilikuwa linampa alichokitaka.

"Tangu lini?"

"Wiki ya kwanza ya Mei. Nilikata moja. Hukupita. Nikakata jingine."

"Ukanihurumia."

"Nani akuhurumie wewe? Nilijihurumia mimi." Orrin aliusukuma msumeno kando. "Ulikuwa unaondoka bila hata kunitukana, Arvilla. Unagonga mti, unaokota, unakwenda. Nikikwambia abiria wamekufa, kimya. Nikasema huyu anaacha. Wiki mbili zijazo hatakuja. Na ukiacha wewe mimi nitacheza na nani? Na Tanner? Anarusha juu ya miti yule!"

"Ungeniambia nitumie bamba la mbele, la wasio na nguvu."

"Ningekwambia?" Orrin alimtazama. "Wewe? Ulisema mbele ya watu kwamba siku utakayorushia kwenye bamba la mbele tukuzike hapohapo, tuokoe gharama."

Alikuwa amesema. Na asingesamehe kuambiwa. Wote wawili walijua hivyo.

"Miti hii ina zaidi ya miaka mia," Arvilla alisema mwishowe. "Matawi yale hayataota tena mimi nikiwa hai."

"Najua."

"Watu wanatoka majimbo matatu kuja kuyagonga."

"Najua, Arvilla. Kila nilipokata niliwaza hilo. Lakini halafu Jumanne unapita, unaruka kama mtoto, unaniita mkulima wa matofaa mabovu, nikawa nasema, basi, moja tu zaidi."

Arvilla alilishika bega lake la kushoto. "Nilimwambia binti yangu limepona," alisema. "Niliamini. Unajua kuamini ni nini kwa mtu kama mimi? Siamini hata utabiri wa hali ya hewa. Nikaamini hilo, kumbe ilikuwa kazi yako."

Orrin akasema tu, "Nisamehe," kwa sauti ya chini, na Arvilla alimwamini na bado alikuwa na hasira naye.

Akafungua mkoba wake. "Nenda kasimame pale."

"Wapi?"

"Ulipokata. Egemea mti, nyoosha mikono."

"Umechanganyikiwa."

"Umenidanganya wiki sita. Nataka kujua mkono wangu uko wapi. Matawi hayapo, wewe upo. Nenda."

Alikwenda. Alipanda taratibu kati ya majani, akaegemea mwaloni wa kushoto, akanyoosha mikono kama kinyago cha kufukuzia kunguru. Arvilla akamrekebisha kwa mbali, maana alilikumbuka kila tawi lilipokuwa.

"Mkono wa chini, shusha! Lilikuwa chini zaidi. Na ukunje vidole, lilikuwa na kifundo. Wewe ndiye uliyelikata, hulijui?"

"Chagua kisahani laini basi!"

Alichagua kisahani laini. Akapumua, akazungusha kiuno kama alivyofanya maelfu ya mara, akaachia. Kilitoka safi. Kwa kitambo kidogo kilikuwa kizuri kuliko kitu chochote alichowahi kukirusha, halafu kikaishiwa nguvu mapema, pale pale kilipokuwa kikiishiwa Aprili, kikazama na kumpiga Orrin kwenye mkono wa chini. Hakikulia ko. Kililia kama kofi.

Orrin alikuwa amefumba macho. "Kimepita?"

"Umepigwa, halafu unauliza?"

Arvilla aliketi juu ya saruji. Iliuma, na aliacha iume. Bega halikuwa limepona, na huenda halitapona, na sasa alilijua jambo hilo kwa hakika, bila kusimuliwa na mtu. Alifuta macho kwa mkono wa koti. Orrin alibaki kwenye mti, mikono bado imenyooka, akiogopa kuishusha bila ruhusa.

"Jumanne utawaambia habari ya msumeno," Arvilla alisema. "Mwenyewe, umesimama."

"Nitawaambia."

"Na mimi nitawaambia wafute alama zangu zote tangu Mei. Na mwambie Tanner nimemkosea."

"Hilo mwambie wewe, nina yangu ya kutosha."

"Sawa. Nitamwambia." Akasimama. Akatoa kisahani kingine.

"Arvilla, nina miaka sabini na mbili."

"Na mimi nina bega bovu. Inua mikono."

Cha pili kilimpiga begani. Cha tatu kilipita chini ya kwapa lake kikagonga shina. Cha nne kilikaribia, kilikaribia kweli, wote wawili waliona, na kikaparuza kidole chake cha mwisho kabla hakijaanguka. Cha tano kilimpata kwenye kiwiko, penye mfupa. Orrin akapiga yowe na kumwita Arvilla jina lisilotajwa nyuma ya kanisa. Arvilla akamjibu kwa jina baya zaidi, kwa sauti iliyofika mpaka kijitoni, akainamia mkoba kutafuta kingine.